Maître Tahani na Televisheni ya Ghalani

Siku Marwa alipoingia mahakamani kwa mara ya kwanza, alikuwa amepeleka chakula tu. Dada yake Tahani alitoka nyumbani asubuhi bila kutia kitu mdomoni, na mama yao, aliyeamini kwamba kila ugonjwa huanzia kwenye tumbo tupu, akamfungia Marwa sambusa na chupa ya chai. Akamwambia ampelekee hukohuko, hata kama atamkuta yuko mbele ya majaji.

Ulikuwa mwaka 1996. Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu, tangu ule mwezi wa kumi rais alipouawa na nchi nzima ikawaka. Bujumbura ilikuwa mji wa kuulizana mwenzako anatoka mtaa gani kabla ya kumpa mkono. Kuna barabara watu walizizoea tangu utotoni, na sasa hakuna aliyezivuka kwenda ng'ambo ya pili. Familia ya Mzee Azzan, watu wa asili ya Omani, ilikuwa na duka la vitambaa katika mtaa wa Waasia, na ilijaribu kukaa katikati kama maduka yote ya jirani: kuuzia kila mtu, kusalimia kila mtu, kutosema chochote.

Tahani peke yake ndiye hakuweza kukaa kimya. Alikuwa amesomea sheria katika chuo kikuu cha mjini, akala kiapo cha uwakili miaka miwili kabla ya vita, na watu walimwita Maître Tahani kwa heshima ile ile waliyowapa mawakili wanaume wenye mvi. Marwa, mdogo wake kwa miaka sita, alimjua kama dada anayenyoosha nguo vibaya na kusahau ufunguo. Uwakili wake hakuwahi kuuona.

Basi aliposukuma mlango wa chumba cha kesi, akajibana nyuma ukutani na kifurushi chake. Kizimbani alisimama mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka mikoani, jina lake Népomuscène, mwembamba, shati limemzidi. Alishtakiwa kuongoza watu walioua majirani zao mwaka ule wa 1993. Hukumu ya kosa hilo ilikuwa kunyongwa. Mawakili kadhaa walikuwa wameombwa kumtetea wakapata dharura. Ndugu wa waliokufa walijaa mabenchi ya mbele, na nje ya dirisha vijana walisimama wakisubiri kuona nani atatoka kupitia mlango gani.

Karani alisoma mashtaka kwa Kifaransa, haraka haraka, kama mtu anayesoma bei za mboga. Alipomaliza, jaji akamuuliza mshtakiwa anajibu nini. Mwalimu akafumbua mdomo, akaufumba.

Tahani akasimama. Marwa alitarajia sauti kubwa, zile hotuba alizodhani mawakili hutoa. Dada yake alisema polepole, karibu kama anaomba maji.

"Mheshimiwa jaji, naomba mashtaka yasomwe tena, kwa Kirundi."

"Mshtakiwa ni mwalimu," jaji akasema. "Kifaransa anakijua."

"Anakijua cha kufundishia watoto. Hiki cha mahakama hata mimi kilinichukua miaka. Mtu hawezi kujibu asichokisikia."

Mabenchi ya mbele yakanung'unika. Jaji akatazama saa, akatazama dirisha lenye vijana, kisha akamwashiria karani. Mashtaka yakasomwa upya, safari hii neno kwa neno, kwa lugha ya mama zao karibu wote waliokuwa mle ndani: jina la kilima, jina la mto, jina la mshtakiwa na jina la baba yake.

Népomuscène akainua mkono kama mwanafunzi darasani.

"Huyo baba si wangu," akasema. "Na kwenye kilima hicho sijawahi kuishi. Huyo mwenye jina kama langu namjua kwa kusikia. Alikuwa na duka la bia."

Bibi mmoja wa benchi la mbele, aliyekuja na picha ya mumewe kifuani, akasimama, akamsogelea mshtakiwa kadiri askari alivyomruhusu, akamtazama usoni kwa muda mrefu. "Si yeye," akasema, akarudi kukaa, akaanza kulia upya kwa sababu mtu wake sasa hakuwa na muuaji.

Kesi iliahirishwa. Mwalimu alirudishwa gerezani na ilichukua miezi minane kumtoa, lakini alitoka. Marwa alitembea nyuma ya dada yake kuelekea mlangoni. Alikuwa ameona uhai wa mtu ukirudishwa kwa sentensi mbili, na aliyezisema alikuwa Tahani, ambaye jana yake tu walikuwa wamegombania sabuni.

Nje kijana mmoja alitema mate karibu na viatu vya Tahani. "Mwarabu wa kutetea wauaji," akasema. Tahani akamjibu, "Salama, mdogo wangu," akaomba sambusa.

*

Wiki chache baadaye mama mmoja alikuja dukani kwa Mzee Azzan, hakuja kununua. Aliitwa Caritas, alikuwa muuguzi, na alikaa Mutanga Nord kwa shemeji yake baada ya kukimbia nyumba yake ya Cibitoke mtaa ulipogawanyika. Marwa alimpa kiti, akakataa kukaa.

"Ni we Maître unayesemea wale?" akamuuliza Tahani. "Na sisi atatusemea nani?"

"Kaa kwanza, mama. Nieleze," Tahani akasema.

Caritas akakaa. Mwanawe, Désiré, mwenye miaka kumi na tisa, alirudi Cibitoke mwezi wa tano mwaka 1995 kuchukua cherehani ya mama yake iliyobaki nyumbani. Aliondoka asubuhi. Hakurudi. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyesema amemwona, na hakuna mwili. Tahani akalichukua shauri hilo. Alilipeleka kwa mwendesha mashtaka, likarudi. Alilipeleka tena, wakamwambia hakuna maiti, hakuna shahidi, kwa hiyo hakuna kesi. Kila mwaka alilipeleka, na kila mwaka Caritas alikuja dukani akiwa amevaa vizuri kama anayekwenda kanisani, akapewa jibu lile lile. Marwa alianza kuogopa siku hizo kwa niaba ya dada yake. Tahani hakuwa akilia mbele ya watu, ila siku za Caritas alikuwa akifunga duka mwenyewe, akivuta mlango wa bati kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Mwaka 1998 mtu alirusha guruneti dukani, mchana, wakati wa swala. Kwa rehema ya Mungu hapakuwa na mtu ndani. Vitambaa viliungua siku nzima. Hakuna aliyejua kama walikusudiwa wao au jirani, na Mzee Azzan hakutaka kujua. Alikusanya familia mezani.

"Mi sisemi sheria ni mbaya," akamwambia Tahani. "Lakini acha. Nenda Muscat kwa shangazi yako. Olewa, fundisha, fanya lolote."

"Baba, nikiondoka, yule atakayesimama kizimbani wiki ijayo atasomewa kwa lugha gani?"

Mzee Azzan akainuka mezani. Aliswali, akalala, na kesho yake akaanza kuchokora majivu kutafuta mkasi wake wa zamani.

*

Televisheni ilikuja kwa mlango wa nyuma. Ami Seifu, mfanyabiashara wa mtaa huo huo aliyemwoa binamu ya mama yao, alikuwa amenunua mitambo Dubai, akaiweka katika ghala la zamani la pamba katika Zone Industrielle, eneo la viwanda karibu na bandari, akasimamisha mlingoti juu ya paa. Aliipa jina Tele Mwambao. Lengo lake lilikuwa mpira, tamthilia za Misri na matangazo ya sabuni. Alipata kibali, akakipoteza kabla ya msimu wa mpira kwisha, kwa kuwa afisa mmoja alikasirishwa na kichekesho fulani. Tahani ndiye aliyekwenda mbele ya baraza la wakubwa na kukirudisha kibali kile, akisoma kanuni zao wenyewe mbele yao, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wakachoka.

Ami Seifu alifurahi, akamchinjia mbuzi. Mwaka 2001 akapigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala. Akamwita Tahani kitandani.

"Iendeshe we," akasema kwa ulimi mzito.

"Ami, mi sijui hata swichi ya taa ya pale iko wapi."

"Kuiwasha watawasha wengine. Mi nataka mutu wa kuizuia isizimwe."

Mzee Azzan alipopata habari, aliuliza, "Nilikusomesha sheria uonyeshe mpira?" Lakini Marwa aliona uso wake umelegea. Mzee alidhani, kama walivyodhani wote, kwamba mpira hauna maadui.

Tahani alimchukua Marwa kuwa katibu wake, kwa sababu duka halikuwepo tena na kwa sababu, alisema, alihitaji mtu wa kumwambia akikosea. Ghala lilikuwa na joto la kupikia mkate. Umeme ulikatika kila mara, jenereta ilinguruma nje kama lori lililokwama, na kwenye chumba cha mitambo fundi mkuu, Hamimu, mtu wa Buyenzi mwenye ndevu na maneno machache, alifanya kazi amevaa kandambili. Miezi ya mwanzo Tahani alikaa nyuma ya Hamimu kila jioni akiuliza. Hii ni ya nini. Na hii. Ukikata hapa, nani haoni. Hamimu, aliyeogopa kwamba mwanasheria atamletea sheria, baada ya muda akaanza kumwekea kiti.

Halafu Tahani akaanza kubadilisha mambo. Habari zilisomwa kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili cha mjini. Akakataza neno lolote kusomwa juu ya mtu ambaye hajaulizwa kwanza upande wake. Waandishi wakalalamika kwamba habari zitachelewa. "Zichelewe," akasema. Na katika mwaka 2002, mapigano yakiendelea vilimani ingawa mkataba wa amani ulikuwa umetiwa sahihi Arusha, alianzisha kipindi cha saa kumi na mbili jioni, kabla ya watu kujifungia majumbani. Jina lake lilikuwa swali: Nani Anajua? Mtu anakuja, anakaa, anaeleza amempoteza nani, lini, wapi. Haruhusiwi kumtaja anayemshuku. Anauliza tu.

"Watu watakuja kweli?" Marwa aliuliza.

"Mahakamani walikuja wakafukuzwa. Hapa hawatafukuzwa."

Walikuja hata lango likashindwa. Walikuja wa pande zote, wakikaa kwenye foleni moja kwa woga, kila mmoja akimchungulia mwenzake. Caritas alikuja mwezi wa kwanza wa kipindi, amevaa vile vile kama wa kanisani, nywele zimeshaingia mvi. Akakaa mbele ya kamera na kuuliza ni nani anajua alipo Désiré, aliyekwenda Cibitoke kuchukua cherehani.

*

Jovithe alifika langoni Jumanne iliyofuata. Alikuwa seremala wa Cibitoke, mtu mpana, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimwambia Marwa, "Mi najua. Yule mutoto wa cherehani, najua."

Marwa alikimbia kumwita dada yake. Alidhani Tahani atamvuta mtu huyo hadi studio kabla hajabadili nia, kwa maana hivi ndivyo mtu yeyote wa televisheni angefanya. Tahani alitoka, akamsalimia seremala, na mtu huyo alipotaka kuanza kueleza, akamzuia kwa kiganja.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi ni wakili wa yule mama. Utakalosema linaweza kukupeleka gerezani, na sitaki liwe limetoka kwako bila kujua. Kuna wakili mwenzangu, rafiki yangu. Nenda kwake leo, mweleze yote, akushauri. Akikwambia nyamaza, nyamaza. Ukitaka kurudi baada ya hapo, lango liko wazi."

"Na nisiporudi?"

"Basi hutarudi."

Jovithe aliondoka. Marwa alimtazama dada yake kwa hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo. Miaka saba mama yule alikuwa akisubiri, na jibu lake lilikuwa limesimama pale langoni, likaachiwa liende. Tahani alikuwa ameshika nguzo ya lango.

"Nikimwingiza kwa mtego," akasema, "nitakuwa nimefanya nini hapa miezi hii yote?"

Siku tatu walizingojea bila kulala vizuri. Ya nne Jovithe akarudi na wakili wake. Alikuwa tayari kusema. Tahani akampigia Caritas, akamwambia yupo mtu, na kwamba wanaweza kukutana ofisini, mlango umefungwa, bila kamera. Marwa, aliyesikiliza kwenye simu ya pili, alisikia pumzi ya mama yule.

"Niliuliza mbele ya watu," Caritas akasema. "Nijibiwe mbele ya watu."

Kwa hiyo wakawekewa viti viwili, si mbali, si karibu. Walizungumza Kirundi. Hamimu alifungulia kamera, taa nyekundu ikawaka, na Jovithe akaanza kwa kuitazama sakafu.

Alisema kijana alikimbilia karakana yake asubuhi ile, anafukuzwa. Hakumjua. Alimficha nyuma ya mbao hadi kesho yake. Kijana alimwambia jina lake na kwamba mama yake atakuwa na wasiwasi, na alipodhani barabara imetulia akatoka. Wakamkamata kwenye kona. Jovithe aliyaona yote kupitia ufa wa mlango na hakutoka, kwa sababu walikuwa wengi na yeye alikuwa na watoto watatu ndani. Hilo alilisema mara mbili, kwamba hakutoka. Alfajiri alikwenda kuuchukua mwili. Alikuwa akitengeneza kabati ya harusi ya mtu. Akaivunja, akatumia mbao zake kufanya sanduku, akamzika uani nyuma ya karakana, na juu yake akaweka meza yake ya kazi. Wiki ile ile alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Aliporudi, meza ilikuwa imechomwa, lakini ardhi haikuguswa. Akatengeneza nyingine, akaiweka pale pale.

Wakati huo simu ya ofisini ilikuwa ikilia. Marwa akaipokea. Sauti ya mwanaume, nzito, iliyozoea kutiiwa, ikasema kipindi hicho kinachochea vurugu na kizimwe mara moja. Akamwashiria dada yake, na Tahani, aliyekuwa amesimama nyuma ya Hamimu, akaja kuchukua simu bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Maître Tahani hapa. Naomba jina lako na cheo chako, bwana."

Sauti ikasema jambo.

"Nimesikia ni amri. Naomba niambiwe ni ya nani, na chini ya kanuni ipi. Nitakizima kituo dakika ileile nitakapoipata imetiwa sahihi. Nipo hapa, sitoroki." Akasikiliza. "Apana, bwana. Jina kwanza."

Simu ikakatwa. Aliirudisha mahali pake taratibu, na ndipo Marwa alipoona kwamba mkono wa dada yake umeacha alama ya jasho juu yake.

Studioni, Jovithe alikuwa amemaliza. Caritas hakusema kitu. Alikaa mikono mapajani, anamtazama seremala, na muda ukapita. Kwenye televisheni ukimya ni kitu cha kutisha. Hamimu aligeuka, kidole tayari juu ya swichi ya muziki.

"Acha," Tahani akanong'ona.

"Maître, watadhani tumekatika."

"Acha. Ni zamu yake."

Baadaye watu wa Cibitoke na wa Mutanga Nord walisimulia kitu kile kile: kwamba ukimya ule uliingia majumbani, wakaacha kula, na wenye televisheni madirishani wakaona wapita njia wamesimama barabarani, hakuna anayemuuliza mwenzake anatoka mtaa gani.

"Alikuwa amevaa viatu?" Caritas akauliza hatimaye.

"Walikuwa wameviiba. Nilimfunga miguu kwa kitambaa safi."

"Kitambaa gani?"

"Cha mke wangu. Cha buluu."

Mama akaitikia kwa kichwa kama anayeandika hilo moyoni. "Ile kabati. Mwenyewe alisemaje?"

"Nilimwambia mbao zimepasuka."

"Asante kwa mbao," Caritas akasema. Akainama mbele, akaweka kiganja chake juu ya goti la seremala, akakiacha hapo. Jovithe akafunika uso kwa mikono miwili, vumbi la mbao likamtoka kwenye nyusi na kushuka mashavuni pamoja na machozi.

Marwa alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha mitambo. Alijaribu baadaye kueleza nyumbani alichokihisi, akashindwa. Alisema tu kwamba alijisikia kama amesimama mahali ambapo hakustahili kuwa na viatu.

*

Kesho yake asubuhi askari walikuta lango wazi na Tahani anawasubiri na kiti cha kukalia. Walikuwa na karatasi yenye sahihi safari hii. Aliisoma yote, akawashukuru, akamwambia Hamimu azime. Kituo kilifungwa mwezi mzima. Alivaa joho lake jeusi, ambalo Marwa alidhani ameshaliweka kabatini milele, akaenda kukitetea mwenyewe. Haijulikani hasa ni nini kilichowageuza wakubwa, maneno yake au watu waliokuwa wakija kila siku kusimama mbele ya ghala bila mabango wala kelele, kutoka mitaa ambayo haikuwa ikitembeleana. Kituo kikafunguliwa.

Désiré alizikwa upya. Ndugu wa Caritas walivuka kuingia Cibitoke kwa mara ya kwanza tangu mtaa ugawanyike, wakitembea wamebanana, na majirani wa Jovithe walikuwa wamefagia njia. Kuhusu waliomuua, mahakama ilifungua jalada ambalo Tahani alikuwa akiliomba tangu 1996. Mmoja alikuwa ameshakufa vitani. Wengine hawakupatikana. Caritas aliendelea kuuliza, na Tahani aliendelea kupeleka shauri lake.

Mwezi wa saba mwaka 2003, makombora yalipoanguka mjini na watu wa mitaa ya kusini wakakimbia na magodoro vichwani, msomaji wa habari alishindwa kufika kazini. Tahani akamgeukia Marwa. "Kaa pale. Soma barabara zilizo wazi. Soma polepole, kuna watu wanasikiliza huku wanatembea." Marwa akasoma kuanzia asubuhi hadi sauti ikakauka. Alipokosea jina la barabara, dada yake alimsahihisha kupitia kioo kwa ishara ya kichwa, bila haraka. Marwa akagundua kwamba hajui tena kuogopa akiwa anatazamwa na uso ule.

Vita vikachoka. Tele Mwambao ikapata mlingoti wa pili Gitega, na mwaka 2005, mwaka wa uchaguzi, wa tatu ukasimamishwa kusini, Rumonge. Ami Seifu alikuwa bado hai kitandani, akitazama mpira wake, ambao Tahani hakuuondoa hata siku moja. Magazeti ya nje yalianza kumwita Tahani mkurugenzi wa mtandao wa televisheni, na Mzee Azzan alikuwa akilitamka neno hilo kwa wageni akilionja.

Siku ya kuwasha mlingoti wa Rumonge walikwenda kwa gari, Tahani, Marwa na Hamimu, kwa ile barabara ya kando ya ziwa ambayo kwa miaka mingi watu walipita kwa misafara ya kijeshi au hawakupita kabisa. Sasa wanawake walikuwa wakianika dagaa pembeni yake. Baada ya sherehe waliingia kwenye mkahawa kunywa fanta. Televisheni ilikuwa imewekwa juu ya friji, na kwenye kioo mzee mmoja alikuwa akiuliza habari za kaka yake. Wateja walikuwa wamegeuza viti vyote upande ule. Hapakuwa na nafasi.

"Simama nyuma hapo, mama, mutasikia," mwenye mkahawa akamwambia Tahani kwa sauti ya chini. "Usizuie watu."

Marwa akafungua mdomo kumwambia ni nani huyo anayemsimamisha. Tahani akamgusa mkono kumnyamazisha. Akasogea, akajibana ukutani kati ya kreti za soda, akashika chupa yake kwa mikono miwili, na akamsikiliza mzee yule mpaka akamaliza.